Mpangaji wa Ndani ya Jani

6 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na Mama naye hajambo, na ule mguu wake wa bandia haujamtoa malengelenge tena. Mimi ni mzima, kazi ndiyo ileile.

Nimepiga simu mara sijui ngapi. Juzi jirani yenu akaniambia umesema mwenye neno na wewe aandike barua. Basi naandika, ingawa mara ya mwisho kuandika barua kwa mkono nilikuwa bwenini, naomba sabuni.

Dada, yale ya Desemba bado yananiuma. Nilijaribu kuongea na Mkurugenzi. Nilimwambia umepika lishe ya kuoteshea kuvu katika maabara hii kabla mimi sijajua kuvu ni nini. Hakusikia. Wakaguzi walikuwa wameona jambo wasilolipenda, naye akataka waone amechukua hatua. Unamjua, akishika neno ni kupe.

Jikoni kwako wameweka binti mmoja kutoka chuoni. Anapima viazi, sukari na unga wa mwani hadi gramu ya mwisho, anaandika kila kitu. Ila hana utani, na jikoni hakuna anayeimba tena.

Nina swali dogo, lisikuchoshe. Maji ulikuwa unachota bomba gani, la jikoni au la chumba cha mizani? Na viazi ulikuwa unamenya, au ulipika na maganda yake? Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Msalimie Mama.

Mdogo wako,
Kitinda


14 Februari

Kitinda,

Marahaba. Sote hatujambo.

Simu yako naiona ikiita, na sitaipokea. Kwenye simu unanishinda. Tangu utotoni ulikuwa unaongea mpaka najikuta naomba radhi kwa kosa ulilolifanya wewe. Karatasi haimkatizi mtu. Ukiwa na neno, keti, andika, weka tarehe, tia sahihi.

Unasema yanakuuma. Yanakuuma wapi? Ngoja nikwambie yanaponiuma mimi. Nimefanya kazi miaka kumi na tisa, na siku ya mwisho nimevuliwa koti mbele ya wafagizi. Yule mlinzi aliyezoea kunipokea kwa "Mama Uji, leo Mpangaji anakula nini?" aliamriwa apekue mkoba wangu. Alipekua huku anatazama ukuta, maskini. Ndani yake mlikuwa na kitana, vidonge vya Mama na daftari langu. Barua ya kunifukuza ina mistari sita, na neno "uzembe" limo mara mbili. Mimi mzembe! Siku tunamzika Baba nilipitia kazini kwanza kuzima mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekumbuka kwamba unawaka!

Na hata hilo jina Mpangaji mlilipata kwangu. Ninyi mlikuwa mnahangaika na jina refu la kitabuni. Mimi nikauliza, "Hii kuvu inaishi ndani ya jani la mti bila kuliumiza, inakula humo, inalala humo? Basi huyo si ugonjwa, huyo ni mpangaji." Mkacheka, kisha mkaliandika kwenye visahani vyenu vya kuoteshea.

Sasa nani aliwaambia wakaguzi habari za chupa yangu iliyokuwa kwenye friji? Hawakujua hata jikoni ni mlango upi. Mkurugenzi mwenyewe kwa miaka kumi na tisa ameingia jikoni kwangu mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anatafuta choo. Kuna mtu amenichongea. Nikimjua, tutaonana.

Viazi namenya. Maji ni ya chumba cha mizani, yaliyochujwa. Yote hayo yako kwenye rejista, ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wangu. Hukuhitaji kupoteza stempu.

Neno moja la mwisho: Mama hajui kitu. Nimemwambia niko likizo ndefu, na asubuhi najifanya nahudumia bustani. Ukiongea naye, usiropoke.

Dada yako


23 Februari

Dada,

Shikamoo. Umekasirika na una haki. Sitazunguka tena.

Mpangaji amenyamaza.

Anakua vizuri. Ukimtazama kwenye kisahani ni mweupe, amenenepa, hana kasoro. Lakini tukimweka pamoja na wale bakteria wa wodi ya vidonda, hawamwogopi. Unalikumbuka lile duara safi lililokuwa linamzunguka, pale bakteria wasipothubutu kukaa? Lilikuwa pana kama kidole gumba. Halipo. Siku hizi wanamjia mpaka wanamkalia kichwani. Ile dawa aliyokuwa anaitoa, haitoi. Tumebadilisha joto, tumebadilisha mwanga, tumetoa mbegu mpya kwenye akiba iliyogandishwa. Ni kimya tu.

Bakteria hao unawajua kuliko mimi. Ndio walioula mguu wa Mama wakati dawa zote za hospitali zimeshindwa. Tarehe kumi Aprili wafadhili wanakuja. Nisipowaonyesha duara, mradi unafungwa, na Mpangaji atatupwa nyuma ya friji pamoja na vingine vilivyosahaulika.

Nimehesabu siku. Alianza kunyamaza wiki ya tatu baada ya wewe kuondoka. Dada, ile chupa ilikuwa na nini?

Habari ya aliyekuchongea sina. Huenda wakaguzi walifungua friji wenyewe. Tusimalizie nguvu huko.

Mdogo wako,
Kitinda


3 Machi

Kitinda,

Kumbe! Nimefukuzwa kwa ajili ya chupa, imepita miezi mitatu, na leo ndiyo anatokea mtu wa kwanza kuuliza ndani mlikuwa na nini!

Mlikuwa na maji ya majani. Majani ya mti uleule mlikomtoa Mpangaji, ule mchungu ulioko nyuma ya stoo.

Mwaka wa kwanza wa mradi wako, mwezi wa tisa au wa kumi, nilianza kuona duara linapungua. Mimi ndiye niliyekuwa naviosha visahani vyenu, kwa hiyo nilikuwa naviona vyote, hata mlivyovitupa bila kuvitazama mara mbili. Nikakufuata koridoni. Ulikuwa na wageni wawili wenye tai. Nikasema, "Kitinda, Mpangaji wako anadhoofu, nafikiri ni chakula." Nakumbuka mpaka viatu ulivyovaa. Ukasema, "Dada, wewe pika. Kupima tuachie sisi." Wageni wakatabasamu. Nikarudi jikoni, nikapika.

Lakini kupika hakumzuii mtu kufikiri. Kitu kimezaliwa ndani ya jani chungu na kukulia humo, kinapigana na kila kidudu kinachotaka kuingia. Sisi tumekitoa, tunakilisha viazi na sukari kama mwali. Kitapigania nini? Kimeshiba, hakina adui. Nikasema, ngoja nikionjeshe kwao. Kisahani cha kwanza nilikifanya kwa wizi, nakiri. Baada ya siku sita duara lilirudi. Wewe ukapita meza kwa meza unawaambia watu, "Mnaona? Nilisema ni joto la chumba!"

Haya, andika. Majani saba mapevu kwa lita moja ya maji. Machanga hayafai, na yaliyoanza kuwa manjano hayafai. Yachume asubuhi kabla ya jua kali, uyakaushe kivulini siku mbili. Chemsha dakika kumi, chuja kwa kitambaa kizito, acha yapoe. Kwenye kila chupa ya lishe tia vijiko viwili vikubwa kabla ya kuiingiza kwenye mtungi wa mvuke. Ukizidisha, Mpangaji hakui. Ukipunguza, hasemi.

Utauliza kwa nini sikuandika kwenye rejista. Rejista ina safu nne: viazi, sukari, mwani, maji. Mpishi haruhusiwi kuchora safu ya tano. Niliandika kwenye daftari langu, tarehe kwa tarehe, kwa miaka miwili na ushee.

Nakupa yote bila sharti, na si kwa ajili yako. Siku Mama anafungwa bandeji baada ya kukatwa, nilikuwa nimemshika mabega. Wewe ulikuwa chuoni, hukusikia alichokuwa anasema. Mimi nilisikia. Kwa hiyo chukua.

Ila wafadhili wakikuuliza nani aligundua, sema.

Dada yako


21 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya, hata usingizi nilikuwa naibia.

Limerudi! Siku ya sita, kama ulivyosema. Pana kuliko zamani. Wafadhili wamesimama mbele ya kisahani kama watu walioona kiinimacho, na wametuongezea miaka miwili. Mkurugenzi alinipa mkono mbele ya jengo zima.

Habari zako sijazisahau. Nitazishughulikia, ila si sasa, mambo bado mabichi. Vuta subira kidogo.

Nimemtumia Mama shali. Ile ya bluu ni yake, ya kijani ni yako.

Mdogo wako,
Kitinda


2 Mei

Daktari,

Leo sikuandikii kama dada.

Jumapili karani wa masjala alikuja kumjulia hali Mama. Alipotaka kuondoka akanivuta pembeni, akatoa bahasha ndani ya blauzi. "Mama Uji," akasema, "mimi mwezi ujao nastaafu, hawana la kunifanya. Soma ukiwa umekaa."

Nikasoma nikiwa nimekaa. Ni ripoti ya tarehe 2 Desemba. "Mpishi, kwa uzembe na bila idhini, alihifadhi kinywaji cha nyumbani ndani ya friji ya maabara. Mkuu wa mradi hakuwa na habari, na amekiharibu kinywaji hicho mara moja." Chini pana sahihi. Ile herufi ya mwisho imevutwa kama mkia wa panya. Niliwahi kukuchapa kwa ajili ya herufi hiyo ukiwa darasa la pili, mkono wangu juu ya mkono wako, mpaka ukajua kuandika jina lako. Jina hilohilo umelitumia kunizika.

Kinywaji cha nyumbani! Nilikuwa nakunywa kazini, sivyo? Nililewa majani? Na "amekiharibu mara moja" maana yake ulikimwaga kwenye sinki kwa mkono wako. Mpangaji wako alinyamaza kwa sababu wewe ulimnyima chakula, kisha ukaniandikia barua tamu kuniuliza maganda ya viazi! "Nilijaribu kuongea na Mkurugenzi." "Habari ya aliyekuchongea sina." Uliandika maneno hayo, ukalamba bahasha, ukabandika stempu. Mate hayakukukauka?

Na gazeti nimeliona, jirani amelileta. Umesimama katikati, meno yote nje. "Tumeboresha lishe," umesema. Tumeboresha! Nani na nani? Nami niliyekupa siri ya miaka miwili kwenye karatasi mbili, nikaomba neno moja tu, "sema", hukuweza hata kusema "mpishi wetu wa zamani".

Niliacha shule darasa la saba ili wewe uendelee. Sijawahi kulitamka hilo tangu nizaliwe, wala sikutaka nilitamke. Wewe ndiye umelitoa mdomoni mwangu, na ladha yake ni mbaya.

Sitaki pole yako. Shali zote mbili nimezirudisha posta. Ninachotaka ni neno "uzembe" litoke kwenye faili langu, na litolewe na mkono uleule ulioliweka. Daftari ninalo. Mwezi ukiisha sijasikia kitu, nitakuja nalo mwenyewe, nitalisoma getini kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, mlinzi awe shahidi.

Mzembe


10 Mei

Kwa wanangu wawili,

Barua hii anaiandika jirani, mwalimu mstaafu, na nimemwambia asinibadilishie hata neno. Ni nakala mbili. Moja inakwenda posta kwa mdogo. Nyingine naiweka mezani kwa mkubwa, maana siku hizi tunakaa meza moja hasemi kitu, anatafuna tu kama anagombana na sahani.

Barua zenu nimesomewa zote. Ziko chini ya godoro la mkubwa, za mdogo pamoja na nakala alizojiwekea za kwake, na godoro hilo natandika mimi.

Mkubwa, likizo gani ya miezi mitano? Mimi nilikatwa mguu, sikukatwa akili. Magugu umeng'oa yakaisha, sasa unang'oa mboga. Nilinyamaza nikingoja uniambie. Na shali ya bluu ilikuwa yangu. Nani alikutuma uirudishe?

Mdogo, wewe nilikuzaa nimechoka. Aliyekubeba mgongoni ni huyo uliyemwandika mzembe. Usingizi wako wa kwanza uliulala kwenye mgongo wake. Sijawahi kuona haya kwa ajili ya mtoto wangu, nimeona mwaka huu. Aliyemvunjia mwenzake heshima barazani haendi kumwomba radhi uvunguni. Nenda ukaseme palepale uliposema.

Na nyote wawili, niacheni na mguu wangu. Kila mmoja akitaka kumshinda mwenzake anautaja. Katika barua zenu mguu huo umetembea kuliko nilivyotembea nao mimi. Ulikuwa wangu. Nimeshaulilia, nimemaliza.

Mama yenu

(Nami mwandishi nathibitisha: nimeandika kama alivyosema. Mengine yalikuwa makali zaidi, amekubali niyaache.)


16 Mei

Dada,

Shikamoo, hata kama hutaiitikia.

Niliandika mimi. Wakaguzi walifungua friji, wakakuta chupa isiyo na lebo. Kiongozi wao akaniuliza, "Hii ni nini?" Sikujua. Mkuu wa mradi, daktari mzima, sijui kilichomo kwenye friji yangu mwenyewe! Aibu ilinifikia kabla ya akili. Nikasema, "Ni ya mpishi." Akasema, "Basi liandike hilo." Nikaandika. Chupa nilipoifungua nikanusa uchungu, nikadhani ni zile dawa za kienyeji anazochemsha Mama. Nikaimwaga. Niliamini watakupa onyo, yaishe. Walipokufukuza nilikwenda mlangoni kwa Mkurugenzi mara mbili. Mara zote mbili nilirudi bila kugonga. Huko ndiko "kuongea naye" nilikokuandikia.

Siku ya wafadhili nilikuwa nimeliandaa jina lako kwenye karatasi. Nikaona nikilisema wataniuliza kwa nini ulifukuzwa, na jibu ni mimi. Nikaikunja karatasi.

Hakuna ninalojitetea nalo hapo. Lakini hasira nami ninayo, na wewe ndiye uliyesema karatasi haimkatizi mtu, kwa hiyo nisikilize.

Miaka miwili nimesimama mbele za watu nikiapa kwamba kuvu hii inatoa dawa kwa viazi na sukari. Maabara mbili za mbali zilifuata maelezo yangu neno kwa neno, hazikupata kitu. Ziliniandikia kwa adabu, lakini chini ya adabu ziliniita mwongo. Nililia chooni, Dada. Jikoni kwako ni hatua kumi na tano kutoka choo hicho, na daftari lilikuwa mkobani mwako! Wapo watafiti waliowahi kuandika kwamba kuvu ya namna hii hukumbuka kazi yake ikionjeshwa mti wake. Niliyasoma hayo nikayapita, kwa kuwa yangu ilikuwa haijanyamaza. Haikunyamaza kwa sababu wewe ulikuwa unailisha kwa siri!

Nilikukata kauli koridoni, ndiyo, mbele ya wageni, na ninalionea haya hadi leo. Je, nyumbani? Tumekula pamoja Jumapili ngapi? Hukusema, kwa sababu ulinogewa na siri. Ulipenda kujua kitu ambacho daktari hakijui. Kataa kama ni uongo.

Hilo halipunguzi langu hata chembe. Nimemwandikia Mkurugenzi barua ya ukurasa mmoja, nakala nimeiambatanisha. Ameitisha kikao tarehe 4 Juni, saa nne asubuhi. Mradi wanaweza kuninyang'anya. Njoo na daftari. Na kama unakuja kunichapa tu, njoo vilevile.

Mdogo wako


6 Juni

Kitinda,

Kikao ulikuwepo, lakini muda wote ulikuwa unatazama meza. Kwa hiyo kuna mengi hukuyaona, nakueleza.

Hukumwona Mkurugenzi alivyonivutia kiti. Miaka kumi na tisa hakuwahi kunivutia hata mlango. Hukuona alivyotabasamu aliposema, "Mama, tusikuze mambo. Tulifute neno 'uzembe', badala yake tuandike 'kutofuata taratibu'. Hapo turidhiane." Alinitolea na kalamu kabisa.

Nikamwambia, "Bwana Mkurugenzi, taratibu zenu zilikuwa na safu nne. Mimi nina ya tano hapa." Nikafungua daftari, nikaanza kusoma. Tarehe kumi na mbili, majani saba, duara nusu kidole. Tarehe kumi na tisa, majani saba, duara kidole kizima. Tarehe ishirini na sita, majani matano kwa kuwa mvua ilinizuia, duara limepungua, kosa langu. Nilifika ukurasa wa tatu, akasema, "Imetosha, Mama, tumeelewa." Nikasema, "Bado kurasa sitini na moja."

Yule binti wa chuo, mpishi mpya, alikuwa amekaa mwisho wa meza. Hukumwona naye. Alikuwa ananakili kila neno, na nilipofika kwenye majani matano akaitikia kwa kichwa. Nimempenda. Hana utani, kweli, lakini anasikiliza.

Hapo ndipo uliposimama. Hilo nililiona vizuri. Umeishika meza kwa mikono miwili. "Ripoti ile ni ya uongo," ukasema, "na niliiandika mimi." Mkurugenzi akasema, "Daktari, fikiri kwanza, maneno haya yanaandikwa." Nawe ukamjibu, "Yaandikwe. Ndiyo sababu nimesimama."

Jana nimepata barua yao. Neno limetoka kwenye faili, na lile jingine la kutofuata taratibu halimo. Jina langu linaingia kwenye kumbukumbu za ugunduzi. Walikuwa wameandika "msaidizi wa jikoni". Nimelikata kwa wino, nimeandika "mpishi wa lishe", nimetia sahihi pembeni. Nitaanza kazi tarehe mosi Julai. Na nimesoma kwamba wewe umeondolewa ukuu wa mradi kwa mwaka mzima, utafanya kazi chini ya mtu mwingine. Sikufurahi. Nilidhani nitafurahi, hata nilikaa nikaingoja hiyo furaha, haikuja.

Uliniambia nikatae kama ni uongo. Sikatai. Nilinogewa. Kila kisahani kilipotoka na duara pana, nikakusikia unasifu joto la chumba, nilikuwa nacheka peke yangu jikoni. Nilikuona unatoka chooni macho mekundu, nikasema moyoni, acha na yeye aonje. Hilo ni kosa langu na nimelibeba. Ila halina ukubwa wa lako, usije ukaanza kuyaweka kwenye mizani pamoja!

Sasa lile la juzi koridoni. Kikao kilipokwisha ulinifungulia mikono, nami nikakupita kama napita nguzo. Mama anasema umempigia simu unalia. Ni kweli kwamba sijakusamehe, na sijui itachukua muda gani, usiniulize kila wiki. Lakini sikukupita kwa sababu hiyo. Nilikupita kwa sababu ningesimama ningelia, na yule Mkurugenzi wako alikuwa bado mlangoni anatutazama.

Jumapili njoo nyumbani. Huku hakuna mkurugenzi.

Dada yako